Taa Nyekundu Kwenye Matanga ya Papa Basile

Kuna watu wanaona aibu kwa sababu waliteleza kwenye tope siku ya arusi, au zipu ilifunguka mbele ya wakwe. Mimi aibu yangu ilinikuta kwenye matanga, mbele ya maiti, mbele ya familia nzima na kwaya na majirani, na mpaka leo nikimuona mtu wa familia ile sokoni nainama haraka juu ya fungu la pondu, yale majani ya muhogo, kama vile nayahesabu. Naisimulia mwenyewe kwa sababu afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wanaoitia chumvi (ingawa, niseme ukweli, chumvi haikuhitajika).

Bon. Kazi yangu ni mapambo. Hapa Kisangani wananiita Maman Fifi wa déco: arusi, komunio ya kwanza, ubatizo, sasa hata matanga. Zamani ilikuwa vitambaa na maua tu, lakini tangu zimeingia zile taa za utepe, ndefu kama futi ya fundi cherehani, zenye vitaa vidogo vidogo ambavyo kila kimoja unakipa rangi yake kwa simu, watu hawataki tena kitu kingine. Nilijifunza mwenyewe kwa kuangalia video, nikanunua chuma cha kuchomelea nyaya, nikanunua testeur ya kupima umeme, nikaunguza vidole, nikaelewa, au tuseme nilidhani nimeelewa.

Papa Basile alipofariki, bintiye mkubwa, Mado, alinipigia simu asubuhi na mapema. Papa Basile alikuwa mwalimu, amefundisha watoto na baadaye watoto wa wale watoto, donc nilijua kutakuwa na watu wengi. Mado alikuwa amelia hadi sauti imekauka.

"Maman Fifi, papa hakukuwa mutu wa makelele. Rangi mingi hapana. Minataka nyeupe tu, nyeupe safi, sawa mbinguni. Na nyaya zisionekane, tafazali."

Nikamwambia asijali. (Kila nikisema "usijali" katika maisha yangu, kuna kitu kinaungua.)

Hapa niwaeleze jambo moja, halitachukua muda, maana bila hilo hamtaelewa nilivyojiponza. Utepe ule, shaba iliyo ndani yake ni nyembamba kama ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na umeme ukiingizwa upande mmoja tu unatembea unachoka, unatembea unachoka, hadi kufika mwisho hauna nguvu. Na nyeupe ndiyo rangi yenye njaa kuliko zote, kwa sababu ili kitaa kiwe cheupe lazima kiwashe nyekundu na kijani na buluu kwa wakati mmoja. Umeme ukipungua, buluu inakufa, kijani inaifuata, nyekundu inabaki peke yake kwa sababu yenyewe inatosheka na kidogo. Ndiyo maana mtu anayejua kazi anapeleka umeme mwanzo na mwisho wa utepe, kwa waya mnene. Nilijua hayo. Siku ile pia nilikuwa nayajua, na hapo ndipo panaponiuma.

Tulifika nyumbani, kwenye parcelle yao, saa moja asubuhi, mimi na Clémence, rafiki yangu anayepanga maua. Barazani tulijenga kichumba cha vitambaa vyeupe, katikati tukaweka meza ya jeneza, chini zulia jeupe. Utepe ulianzia miguuni pa meza, karibu na soketi, ukazunguka meza yote, ukapanda kwenye tao nililolisimamisha upande wa kichwa. Tao lenyewe lilikataa kusimama. Nilikuwa juu ya kiti nahangaika nalo wakati mzee mmoja mnene, mwenye viatu vipya vinavyolia kwii-kwii, alipoingia na kulishika kwa mikono miwili bila kuulizwa.

"Funga, mama yangu. Minashika."

Alikuwa Tonton Lambert, mdogo wake marehemu. Alikuwa amepanda mto kutoka Basoko kwa boti, siku tatu, na kifurushi cha samaki wa kukausha kwa ajili ya matanga, na hata kulala alikuwa hajalala. Alishika tao lile mpaka mikono ikatetemeka, na wakati nafunga kamba akasema tu, kama anajisemea, "Kaka yangu alipenda mwangaza. Tulikuwa nasoma na koroboi moja, yeye njo alikuwa naishika, mimi nasoma." Kisha akaenda kukaa nje na wanaume.

Sasa ikabaki ule waya wa pili, wa kupeleka umeme kichwani pa meza, mwisho wa utepe. Nikaupitisha waya mnene chini ya zulia. Clémence akarudi nyuma hatua mbili akatazama.

"Inaonekana, Fifi. Iko sawa nyoka chini ya shuka."

Na kweli ilionekana. Ningeweza kuuzungusha nyuma ya vitambaa, ungefika, ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini tayari tulikuwa tunasikia honi za msafara unaoleta maiti kutoka morgue, zile honi ndefu, na wanawake ndani wameanza kulia. Nikaingiza mkono kwenye mfuko nikatoa waya wa kengele ya mlango. Mwembamba, mzuri, unalala chini ya zulia hauonekani kabisa. Ulikuwa mfupi, nikaunga vipande viwili kwa kuvisokota na vidole na kuzungushia skochi ya kubandikia karatasi, maana chuma cha kuchomelea kingechukua muda kupata moto. Lile fundo la kusokota likalala chini ya zulia, upande wa kulia wa kichwa cha jeneza. Uamuzi wenyewe ndio huo. Ulichukua muda wa kupiga chafya.

Halafu miguuni, pale umeme wote unapoingilia, nikafunika utepe kwa sponji na satini mara mbili ili Mado asione hata waya mmoja. Na Mado alipokuja kutazama, mchana ulikuwa unaingia kila upande, akasema taa hazionekani, niongeze. Nikaongeza. Akasema tena. Nikapeleka kidole juu ya simu mpaka mwisho, mwangaza wote. (Nyumbani nilikuwa nimezijaribu kwa nusu, kwa muda wa kuchemsha chai.)

Jeneza likaingia. Na jamani, kwa robo saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Nyeupe, tulivu, uso wa mzee umepumzika, watu wanalia, wanapiga picha, na mimi nimesimama nyuma ya kitambaa, Mungu anisamehe, nasikia wanaulizana nani amefanya mapambo haya, nafurahi.

Kisha nikaona tao limeanza kuwa na rangi ya waridi. Kidogo tu. Mtu asiyejua angesema ni kivuli. Nikanyoosha mkono nyuma ya kitambaa nikashika kisanduku kinachopokea umeme wa soketi na kuulisha utepe: kilikuwa cha moto, si moto wa kuunguza, moto wa mkate uliotoka kwenye tanuri. Nikajiambia, misa ni saa saba, watavumilia, zitavumilia, na wewe vumilia.

Wakamwita Tonton Lambert aseme neno la familia. Wageni wote walikuwa wanainama miguuni na kupita, lakini yeye ni ndugu wa damu, akaenda hadi kichwani, upande wa kulia, kwii-kwii-kwii, akasimama. Na uzito wake wote ukakaa juu ya fundo langu.

Tao likawa jekundu. Si waridi tena, jekundu la pilipili, juu ya kichwa cha marehemu hasa, na wekundu ukateremka ubavuni mwa jeneza hadi katikati. Tonton hakuona, alikuwa anatazama uso wa kaka yake. Alisema maneno yake machache, akajifuta macho, akarudi kwenye kiti. Taa zikawa nyeupe.

"Mumeona?" mwanamke mmoja akanong'ona.

Mimi nilikuwa nimeona na nilikuwa nimeelewa papo hapo. Fundo. Anakanyaga fundo, nyaya zinaachana, kichwani hakufiki kitu, umeme wote unabaki kuingilia miguuni. Nilipaswa kutoka pale pale, kuomba radhi, kuzima, kurekebisha. Dakika mbili. Lakini niliona watu mia na zaidi wananitazama natambaa chini ya jeneza na testeur mdomoni, nikaona Mado ananitazama, nikaona arusi zote ambazo sitaitwa, nikabaki nyuma ya kitambaa changu. Nikaomba asirudi pale.

Akarudi. Katekista alileta maji ya baraka, familia wakapita mmoja mmoja. Mado na wadogo zake walipita upande wa kushoto, nyeupe. Shangazi yao, Tante Régine, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, alinyunyiza maji kutoka miguuni, nyeupe. Tonton Lambert akaenda kichwani kulia, nyekundu.

Sasa watu wakamtazama Tonton, kisha wakatazamana. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba hawa ndugu wawili waliwahi kugombana kuhusu kiwanja cha baba yao, na kwamba Tonton hakufika wakati kaka yake anaumwa, sijui kwa kukosa njia, sijui kwa kiburi. Lakini hata bila kuambiwa niliona kwenye nyuso zao hesabu inajumlishwa.

Tante Régine akasimama.

"Lambert. Toka pale."

Akatoka, hajaelewa. Nyeupe.

"Rudia."

"Yaya, dada yangu, kuko nini?"

"Minasema rudia! Simama pale pale!"

Na yule mzee, mbele ya watu wote, akarudi kwa adabu kama mtoto aliyeitwa ubaoni, akaweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili. Nyekundu. Safari hii aliinua macho akaiona mwenyewe, ikamwangukia usoni, na sijawahi kuona mtu anaogopa namna ile, maana nadhani kwa sekunde moja hata yeye aliamini.

"Ndugu yako anakukataa!" Tante Régine akapiga ukelele. "Basile anasema! Batu bote baone, Basile anasema!"

Nyuma mtu akalitoa lile neno la Kilingala ambalo hapa kwetu halitaniwi, ndoki, mchawi, na viti vya plastiki vikaanza kuburuzwa, vijana wanasimama, na huko nje chini ya hema sauti ikapokelewa, ndoki, ndoki, imekwenda hadi barabarani.

Na hapo ndipo pua yangu ikasikia harufu.

Nikatazama miguuni pa meza. Satini ilikuwa na doa la rangi ya chai, na doa lilikuwa linakua. Umeme wote, mwangaza wa mwisho, mlango mmoja wa kuingilia, na mimi nimeufunika na sponji kama mtoto mchanga siku ya baridi. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kando ya jeneza. Nikatoka mbio kuelekea soketi, na Tante Régine akanishika mkono. Ana mkono wa mtu aliyetwanga pondu miaka sitini.

"Usiguse! Wacha papa amalizie kusema!"

"Tante, iko naungua..."

"Usiguse!"

Nilijaribu kusema kwa sauti ya kawaida, hakuna aliyesikia. Nilijaribu kuvuta mkono, ukakataa. Moshi unaongezeka, chini ya sponji kitu kinalia tss, tss, juu yake kuna kitambaa, juu ya kitambaa kuna jeneza la mbao, ndani ya jeneza kuna Papa Basile, na mimi ndiye nitakayekuwa mtu wa kwanza katika mji huu aliyechoma maiti kwa mapambo. Ndipo likanitoka, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Haiko papa anasema! Iko mimi! Iko mimi njo nilifunga fil mubaya!"

Wote wakanigeukia. Hata kwaya.

Nikaanza kueleza, maneno yanatoka bila mpangilio, waya wa kengele, buluu inakufa kwanza, sponji (fikirieni mtu anawaelezea waombolezaji habari za buluu). Nikaona hawaelewi hata moja, na Tante Régine ameuachia mkono wangu lakini ameikinga soketi kwa wake. Basi nikavua viatu, nikaenda kichwani kulia, nikamwomba Tonton asogee. Nyeupe. Nikakanyaga. Nyekundu. Nikatoka, nyeupe. Nikakanyaga tena kwa kuruka, nyekundu.

"Sasa na mimi pia marehemu ananikataa? Mado, kuja. Kanyaga hapa."

Mado alinitazama kama anataka kunimeza. Lakini alikuja, akaweka mguu wake mwembamba pale, akasukuma kwa kisigino. Tao likawa jekundu juu ya baba yake vilevile. Mkono wa Tante Régine ukashuka.

Niliruka kwenye soketi nikang'oa kila kitu. Satini niliivua kwa mikono, na vidole hivi viwili vina kovu. Chini yake sponji ilikuwa nyeusi, utepe umejikunja kama mdudu aliyekauka, na kwenye kitambaa kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani.

Nilidhani yamekwisha. Katekista, mtu mpole, alinikaribia na kipaza sauti.

"Mama, wale ba inje bamesikia ndoki tu. Hii hawakusikia. Sema hapa."

"Papa katekista, nakuomba..."

"Sema, mama. Juu ya huyu mzee."

Kwa hiyo nilisema kwa micro, na sauti yangu ilitoka kwenye spika, zile baffle mbili kubwa, hadi kwa majirani wa ng'ambo ya barabara: kwamba mimi Maman Fifi nimefunga umeme vibaya, kwamba taa zimegeuka kwa sababu ya kosa langu, kwamba Tonton Lambert hana neno. Kipaza sauti kikapiga mluzi katikati. Mama mmoja wa kwaya akacheka, akajiziba mdomo, na kicheko kikampita, kikaenda benchi hadi benchi, mpaka watu wanacheka kwenye matanga huku machozi hayajakauka, na mimi nimesimama pekupeku kando ya jeneza nimeshika mkia wa waya. Mado hakucheka. Alifungua vitambaa vyangu vyote, kimoja kimoja, mwanga wa mchana ukaingia wa bure, wakaweka mishumaa miwili. Na ilitosha kabisa, hilo pia liliniuma.

Wakati watu wanapanda magari kwenda misani na makaburini, nilimkuta Tonton Lambert amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta. Kulikuwa na viti vitupu pande zake zote. Nikapiga goti.

"Tonton, minaomba musamaha."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, ningependa awe nayo.

"Mama yangu, uliambia batu mbele ya bote. Si kazi nyepesi, nakushukuru." Kisha akauliza, taratibu, "Lakini ulijua lini? Mara ya kwanza ilipogeuka, ulikuwa umejua?"

Ningeweza kudanganya. Nadhani angenikubalia.

"Mara ya kwanza, tonton."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji aliyoitarajia. "Na wamenisimamisha pale mara tatu," akasema. Akainuka, akaenda kupanda gari la mwisho.

Sijamuona tena. Alirudi Basoko, na Clémence ameniambia kwamba wengine kwenye familia bado wanasema mimi nilitumwa niseme vile ili kumfunika. Wanakubali waya ulikuwa mbaya, lakini, wanasema, kwa nini umekuwa mbaya pale aliposimama yeye? Kwa swali hilo sina testeur. Sokoni wananiita Mama Rouge, yaani Mama Mwekundu, na jina hilo nalibeba, ni langu.

Siku hizi napeleka waya mnene mwanzo na mwisho na katikati, uonekane usionekane, nachomelea kila kiungo, utepe naulaza juu ya bati la alumini upumue, na mwangaza sipitishi theluthi hata bibi arusi alie. Lakini kiapo changu hasa si hicho. Mwezi uliopita, kwenye arusi moja kule Makiso, vitaa vitatu tu vya pembeni vilianza kugeuka waridi wakati bwana arusi anakata keki, hakuna hata mtu mmoja aliyeona, na mimi nilisimama katikati ya ukumbi nikapaza sauti: "Samahani, ile pale imeharibika, ni kosa langu, naizima!" Muziki ukasimama. Mama wa bibi arusi alinitazama kama kichaa. Nikaizima.